Pini za Vipepeo

Kuku wa gesti walikuwa washindani wangu wa kwanza katika elimu ya wadudu, na mara nyingi walinishinda.

Gesti yenyewe ilikuwa kando ya barabara kuu pale Kibiti. Ukuta wake wa mbele ulipakwa chokaa nyeupe, na juu ya mlango kulikuwa na taa ndefu ya bomba iliyowashwa kwa jenereta tangu magharibi. Miaka hiyo umeme wa nguzo ulikuwa habari ya Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na vibatari na karabai, kwa hiyo taa ile moja iliita nondo kutoka kwenye mikorosho yote ya jirani. Jenereta lilipozimwa, nondo walibaki ukutani, mbawa zimelala, kila mmoja akiamini haonekani. Alfajiri, watu wanapotoka msikitini, mlinzi wa gesti alikuwa anafungulia kuku. Mimi nilitoka msikitini na kofia kichwani na vikopo mfukoni mwa kanzu. Kuku walitoka bandani na njaa. Tulikutana ukutani. Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu ambaye nina hakika alinijua. Siku moja aliruka akamdonoa nondo wa kijani mwenye mikia mirefu, nondo niliyekuwa nikimwota tangu chuoni, akammeza huku ananitazama.

"Mwalimu," mlinzi aliniambia, "kesho uwahi. Huyu jogoo hasubiri mtu amalize dua."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya viumbe. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla wino wa vyeti haujakauka. Sisi tulifika wakati serikali inakaza mkanda, na kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa ajira. Ruksa ilileta mitumba, redio, sabuni za rangi zote na watu wanaonunua ufuta bila kupitia ushirika. Kila mtu alikuwa na kitu cha kuuza. Nilichokuwa nacho mimi ni ujuzi wa kutofautisha nondo na kipepeo kwa kutazama papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani: za kipepeo zina kifundo mwishoni kama njiti ya kiberiti, za nondo hazina, nyingine ni kama unyoya. Hakukuwa na mnunuzi. Nikarudi kwa mama, nikapata nafasi ya muda ya kufundisha baiolojia katika sekondari ya pale mjini. Shule haikuwa na hadubini wala chura kwenye chupa. Nikajiambia nitaikusanyia vipepeo na nondo wote wa kutoka Kibiti hadi kwenye delta. Nilisema ni kwa ajili ya wanafunzi. Wanafunzi hawakuniomba.

Kukusanya vipepeo si kazi ngumu, ila inataka mtu asiyejali anavyoonekana, nami nilijidhania kuwa mtu huyo. Unahitaji kwanza wavu mwepesi wenye mfuko mrefu, ili ukishamnasa kipepeo uupindue mfuko juu ya mduara wake asipate njia ya kutokea. Kitambaa cha chandarua kilikuwa kizito na mama hakutaka kukisikia. Nilichokipata kilitoka mnadani, ndani ya robota la mitumba: gauni la harusi la Kizungu, sketi yake tabaka juu ya tabaka za wavu laini kama ukungu. Lilikuwa limelala pale kwa wiki nyingi, kwa kuwa hakukuwa na mwanamke wa Kibiti aliyetaka kuolewa ndani ya nguo inayopitisha mbu wachache tu.

"Mwalimu, unaoa?" muuzaji aliniuliza.

"Bado."

"Naona umeanzia mwishoni. Watu hutafuta mke kwanza, halafu gauni."

Wanawake waliokuwa wakichambua blauzi walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, nikalikunja gauni kwapani, nikaenda zangu. Sikujua kwamba kicheko kile kingesafiri.

Ukishamnasa kipepeo, humpondi. Unamshika kwa nje ya wavu, mbawa zikiwa zimekunjwa mgongoni, unambana kifuani kwa kidole gumba na cha shahada, kidogo tu, kama unavyobonyeza punje ya wali kujua kama umeiva. Anatulia. Unamtia ndani ya karatasi ya gazeti iliyokunjwa pembetatu, unaandika pembeni alikopatikana na lini. Nyumbani, kama amekauka, unamlaza kwenye kopo lenye mchanga wenye unyevu mpaka alainike, kisha unamtandaza juu ya kibao chenye mfereji katikati: mwili unakaa mferejini, mbawa zinalala pande mbili chini ya vipande vya karatasi. Akikauka upya hakunji mbawa tena. Hapo anaingia kwenye kasha. Kasha langu alilitengeneza seremala wa jirani, na chini, pa kuchomekea pini, nilibandika nyayo za malapa yaliyokatika. Mpira wa malapa hushika pini vizuri sana. Kwa muda fulani nilikuwa mtu pekee mjini aliyefurahi kuona ndala ya mtu imekatika.

Tatizo lilikuwa pini. Pini za kazi ile huagizwa ng'ambo, ni nyembamba na haziingii kutu. Nilitumia za fundi cherehani, na kwa hewa yetu ya chumvi zilipata kutu upesi. Duka lililokuwa na pini nzuri kidogo lilikuwa Ikwiriri, duka la mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele na ufuta, ambaye mbele aliuza vitambaa, nyuzi na vifungo. Huko mbele alikaa binti yake.

Mara ya kwanza alinipa pakiti bila kunitazama. Mara ya tatu alinitazama.

"Kaka, wewe ni fundi?"

"Hapana, mwalimu."

"Unafundisha kushona?"

"Nafundisha baiolojia."

Alizungusha pakiti ile mikononi. "Na pini?"

Ningeweza kumjibu. Jibu lilikuwa rahisi na la kweli. Lakini mtu aliyesoma akiulizwa swali jepesi na msichana mzuri hupotewa na lugha. Nikasema, "Ni za mambo ya shule." Akanirudishia chenji na jicho moja la mashaka, nami nikarudi Kibiti nikiwa nimeamua kuoa.

Posa ilipelekwa na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wa ukoo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia safi, na alizipenda posa kama wengine wanavyopenda mpira. Alirudi amejaa biriani na matumaini. "Wamepokea," alisema. "Wamesema watatupa jibu. Sasa wewe kaa kimya, kaa vizuri, uonekane mtu."

Maana ya maneno yale kwetu inajulikana. Upande wa binti hujibu baada ya kuuliza. Hawaji kukuuliza wewe. Hutuma watu wakae dukani, waswali msikiti unaoswali, waongee na majirani zako juu ya mvua, na katikati ya mvua waingize jina lako. Mkwe mtarajiwa mwenye akili hupiga pasi shati lake kipindi hicho na kuwasalimu hata mbuzi. Mimi nililijua hilo kama ninavyojua jina la mama yangu. Na kipindi hichohicho mvua zilikuwa zimeisha, jua limetoka, mikorosho nyuma ya nyumba imechipua, na vipepeo wakubwa wenye mikia miwili walikuwa wanapita juu ya vilele kwa kasi ambayo wavu wa gauni la harusi haukuiweza.

Vipepeo hao hawajali maua. Wanapenda vilivyochacha. Kitabu changu cha chuoni kilisema uponde ndizi mbivu mno, utie sukari na bia, uache kwenye jua, kisha uweke kwenye sahani chini ya mtego, yaani mfuko wa wavu unaoning'inizwa tawini; wangu niliushona kwa sketi iliyobaki ya lile gauni. Bia ilikuwa anasa. Badala yake nilinunua tembo, pombe ya mnazi, kwa mgema aliyekuwa akipita na baiskeli nyuma ya shule. Nilinunua kila baada ya siku chache, kwenye chupa ya maji, mchana kweupe, na kanzu yangu. Sikuona ubaya wowote. Moyoni nilikuwa mtu anayenunua chambo, kama mvuvi anavyonunua dagaa. Nilisahau kwamba moyo wangu haukuwa na dirisha la kuchungulia.

Ndipo wakaja wanunuzi wawili wa ufuta. Walikuwa watu wazima, wenye adabu, mmoja na mwavuli. Waliuliza bei ya ufuta mtaa mzima. Ufuta wakati huo ulikuwa bado shambani unatoa maua. Kila mtu mtaani alielewa papo hapo ni watu gani. Hata mama aliingia ndani kubadili khanga. Mimi nilikuwa chini ya mkorosho nabadilisha chambo. Waliponisalimu, nilifurahi kupata watu wa kuongea nao.

Siku ile kulikuwa na mawingu, na bila jua vipepeo hawaruki. Mtego ulikuwa mtupu. Walichokiona ni mwalimu amechuchumaa, nguo ya harusi ya kike inaning'inia tawini, na sahani inanuka kilabu.

"Hii ni nini, mwalimu?" aliuliza wa mwavuli.

"Tembo na ndizi," nikasema. "Ila la leo halifai sana, bado changa. La jana ndilo zuri. Likilala linapata nguvu."

"Ahaa."

"Nilijaribu na la Mkuranga. Jepesi mno. La huku lina uchachu wake."

"Ahaa," alisema tena, na mwenzake akatazama viatu vyake. Nikawaeleza habari za sukari. Waliondoka wakinishukuru sana. Nikamwambia mama kwamba wanunuzi wale wanaonekana watu wa kupenda elimu. Mama alikaa kwenye kiti kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Ikwiriri ilinyamaza. Kimya cha posa kina uzito wake: kila gari linalosimama barabarani unasikia kama limekuletea jibu. Baba mdogo alisubiri mpaka hakuweza, akapanda lori la mchele akaenda mwenyewe. Aliporudi hakuvua kofia.

"Kaa," aliniambia. Mama alikuwa anapepeta mchele, ungo ukasimama. "Wewe unakunywa?"

"Baba mdogo!"

"Najua hunywi. Nakuuliza ili unijibu, nikae nimejibiwa. Wale watu wamepeleka habari. Unanunua tembo mchana, unajua la jana na la leo, unajua la Mkuranga. Astaghfirullah, hata walevi wenyewe hawajui hivyo! Halafu umeonekana gesti alfajiri."

"Nakusanya nondo."

"Umeonekana unapapasa ukuta wa gesti alfajiri, unabishana na jogoo. Halafu umenunua gauni la mwanamke. Nimeulizwa, hilo gauni ni la nani? Nimesema la mtego. Wakaniuliza, mtego wa nini? Mimi mshenga wa miaka yote hii, nimekaa kwenye mkeka wa watu nasema, wa vipepeo." Hapo ndipo alipovua kofia. "Ningesema wa majini wangeniheshimu zaidi."

"Kwa hiyo wamekataa?" mama aliuliza.

"Hawajakataa. Wamesema wanafikiri. Mzee amesema kuna kijana mwingine ameulizia, ana lori."

Lori. Mpaka leo nikisikia neno hilo nahisi joto masikioni. Nilitoka nje nikakaa chini ya mkorosho. Jua lilikuwa limerudi, na ndani ya mtego kulikuwa na vipepeo wanne watano, wanapanda na kushuka kwenye kitambaa, wazuri kupita kiasi, hawana habari kwamba wameniharibia maisha. Kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Nilikuwa nimeshaizoea sura ya yule binti katika mipango yangu yote, kama mtu anavyozoea mlango wa nyumbani, na sasa niliona mlango ule unaweza kufungwa na dereva.

Baba mdogo alitaka tukanushe kila kitu. Mama alitaka niuchome mtego, kasha, na kama ikiwezekana gesti. Mimi nikasema mzee aje aone kwa macho yake.

"Baba wa binti haji kwa mposaji," baba mdogo alisema. "Haijawahi kuonekana."

"Asije kwangu basi. Apite tu."

Kwa kuwa watu wa pwani wana namna ya kufanya lisilofanyika bila kulifanya, alipita. Alikuwa anapeleka magunia Dar es Salaam, gari likaamua kupumzika Kibiti. Dada yake, yaani shangazi yake binti, alikuwa kwenye gari hilohilo anakwenda kumtazama mgonjwa ambaye hakutajwa. Walikaribishwa chai. Hakuna aliyesema neno posa. Baada ya chai mzee alitaka kunyoosha miguu, na miguu yake ikamfikisha chini ya mkorosho. Alhamdulillahi, jua lilikuwa kali.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kawaida ya kunusa kila kitu kama anavyonusa ufuta wa gunia. Aliinama kwenye sahani, akarudi nyuma haraka.

"Nani anakunywa hili?"

"Huyu hapa, mzee wangu."

Nilimwonyesha. Kipepeo mmoja, kahawia kwa nje na buluu ya kung'aa ndani, alikuwa amesimama ukingoni mwa sahani, mrija wake umezama kwenye ndizi. Nilimshika mbawa kwa vidole viwili, nikamwinua, hakushtuka. Nikamrudisha, akaendelea alipoishia. Mzee akachuchumaa. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaona baba mdogo anaanza kujiamini.

"Anakunywa kweli," mzee alisema taratibu. "Na amelewa, huyu mshenzi. Tazama anavyoyumba." Kisha akanyoosha kidole chini ya mtego, pale kitambaa kilipoishia na kuacha nafasi ya hewa juu ya sahani. "Mlango si huu hapa? Mbona uko wazi?"

"Uko wazi siku zote."

"Na hawatoki?"

"Akishtuka anaruka juu, kwenye mwanga. Anagonga kitambaa, anaruka tena juu. Kushuka hajui."

Mzee alinitazama, akatazama mtego, akanitazama tena. "Kama nyinyi mliosoma," alisema, na baba mdogo, mshenga wangu, mtetezi wangu, akacheka kuliko watu wote.

Mimi pia nilicheka, ila neno lile lilibaki. Tulifundishwa kuruka juu, na tulipogonga kitambaa tulishangaa kwamba juu hakuna kitu. Huku chini, kwenye duka la nyuzi na vifungo, mlango ulikuwa wazi.

Mzee aliinuka, akapangusa magoti. "Sasa mwalimu. Mimi nimeona, na nimeamini. Lakini Ikwiriri yote haitakuja kuchuchumaa hapa. Nikiulizwa msikitini nitasema nini? Mkwe wangu ananunua tembo, ila anayekunywa ni mdudu?"

Nilimfukuza inzi kwenye sahani.

"Hakuna kitu kingine wanachokipenda? Kitu cha halali?"

"Wanapenda kinyesi," nilisema. Mama alifunika uso kwa khanga. "Na kamba waliooza."

"Kamba," mzee alisema haraka. "Kamba ni neema ya Mungu. Watumie hao."

Walipokuwa wanaagana, shangazi alinivuta kando kana kwamba ananionyesha kitu kwenye ua.

"Haya ni ya wanaume," alisema. "Tembo, gesti, msikitini watasemaje. Binti mwenyewe hajauliza hata moja. Ameuliza kitu kimoja tu. Zile pini zote unazonunua, unazifanyia nini? Ulimdanganya za shule."

"Sikudanganya, shangazi."

"Basi mjibu. Na usimjibu kwa maneno, maneno ya mshenga wenu tumeshayasikia."

Nilimpelekea kasha. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilifikiri kama mwanasayansi, ukiulizwa unaonyesha. Watu hupeleka khanga, viatu, manukato. Nilifuta kioo, nikaweka vidonge vipya vya nafthalini, vya kuzuia mende, kwenye pembe, nikalifunga kwa shuka. Mama alisimama mlangoni.

"Unampelekea mwanamke maiti?"

"Vipepeo, mama."

"Ni wazima?"

Baba mdogo alilipakata kasha mpaka Ikwiriri kama mtoto mwenye homa. Lilipokuwa limeshaondoka ndipo nilipoliona kwa macho ya mwingine. Mtu anafikiria kuolewa, anataka kumjua atakayeishi naye, na anayetaka kumwoa anamletea viumbe wazuri waliopangwa safusafu chini ya kioo, kila mmoja amechomwa pini ya moyo, mbawa zimelazimishwa kufunguka na hazitafunga tena. Nilikuwa nimeposa kwa picha ya ndoa mbaya kuliko zote. Tena pini ni zake mwenyewe, amezitoa dukani kwa mkono wake.

Nilijiuliza pia, kwa mara ya kwanza kwa uzito, kwa nini nilikuwa ninawabana. Jibu la chuoni ni kwamba anayeruka humjui; unamwona rangi, amepita. Ili umjue mistari ya chini ya ubawa inabidi atulie, na hatulii mwenyewe. Jibu hilo ni la kweli, na halimsaidii kipepeo.

Sikuweza kukaa nyumbani kusikiliza magari. Jumamosi nikaenda Nyamisati, nikapanda boti ya abiria kwenda Salale kutafuta chambo cha halali. Maji yalikuwa yamejaa, mikoko imesimama pande zote mbili kama watu waliopandisha suruali kuvuka mto. Huko wanunuzi wa kamba walikuwa wameanza kufika na masanduku ya barafu. Wanawake walikaa chini ya paa la makuti wakivunja vichwa vya kamba na kuvitupa kwenye beseni.

"Vichwa hivi nivipate?" niliwauliza.

"Chambo cha samaki gani?" aliuliza mmoja.

"Cha vipepeo."

Mikono yote ilisimama. "Vipepeo wa Kibiti wanakula kamba?"

"Wakubwa ndio wanaopenda."

"Haya," alimgeukia jirani yake. "Sisi tuliovua tunakula mchicha, kamba wote wanakwenda kwenye barafu. Mdudu wa Kibiti anakula kamba. Jaza, bwana, jaza ndoo. Usije ukatuambia wana karamu halafu chakula kikapungua."

Nilisubiri boti ya kurudi na ndoo yangu, jua linachoma, harufu inaanza kazi yake. Kwenye matope mbele yangu vipepeo wadogo wa njano walikuwa wametua kundi zima wakifyonza chumvi, mbawa zimesimama kama tanga. Wavu nilikuwa nao. Nikawatazama. Walikaa kwa muda waliotaka wenyewe, mmoja akaruka, wote wakaruka, wakatua hatua chache mbele. Sisemi kwamba siku ile niliacha kukusanya. Sikuacha, na mengi ya ninayoyajua nimeyajua kwa pini. Ila nilikaa na wavu magotini na sikusikia hasara.

Nilifika Kibiti kesho yake nikiwa na ndoo ambayo watu walinipisha nayo njia nzima. Baba mdogo alikuwa uani. Aliinua mkono kunizuia mbali.

"Simama hapo hapo. Kasha limerudi."

Kasha kurudi, kwa yeyote anayejua mambo ya posa, ni posa kukataliwa.

"Wamesemaje?"

"Kaoge kwanza. Siwezi kutamka maneno ya watu kwenye harufu hiyo."

Sikuoga. Niliiweka ndoo chini, nikaingia ndani. Kasha lilikuwa mezani, limefungwa kwa shuka lilelile lakini kwa fundo lingine, fundo la mtu anayefunga vitambaa kila siku. Mama alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani, hakuligusa. Nilifungua. Vipepeo walikuwa mahali pao. Juu ya kioo, katikati, palikuwa na pakiti ya pini. Mpya, haijafunguliwa, za aina bora ambazo duka lile lilikuwa nazo chache na hazikuwahi kuwekwa mbele.

Mama aliitazama pakiti. "Hii ndiyo 'ndiyo' yao?" aliuliza.

"Nadhani."

"Mungu wangu," alisema, akaanza kulia na kucheka. "Wawili wa namna moja."

Jibu la mzee lilikuja baadaye kwa njia zake, kwa mkeka, ubani na masharti, na sharti la tembo likatajwa mbele ya mashahidi kana kwamba ni sehemu ya mahari. Nililitimiza. Tumeishi tangu hapo na harufu ya vichwa vya kamba kila mvua zinapoisha, na yeye huiita harufu ya mkataba.

Nilimuuliza siku moja, tulipokuwa tumeshazoeana vya kutosha, kama hakuogopa alipofungua shuka. Alisema aliogopa. Halafu alisogeza kasha dirishani, akaona chini ya kila mmoja kikaratasi kidogo kuliko ukucha, kimeandikwa kwa mkono alikopatikana: mkorosho nyuma ya nyumba, ukuta wa gesti, njia ya kwenda kisimani. Akawaza kwamba mtu anayekumbuka kila mdudu alikomkuta hatakuwa mtu wa kusahau njia ya nyumbani. "Na yule wa lori," aliongeza, "hajui hata magunia yake yametoka wapi."

Nilimuuliza pia juu ya jambo jingine. Kasha liliporudi, kipepeo mmoja wa buluu, aliyekuwa katikati, alikosa papasi moja. Ilikuwa imevunjika karibu na kichwa, na kipande hakikuwemo. Kasha halifunguki kwa mtikisiko. Lazima mtu aliinua kioo, akaingiza kidole kuona kama buluu ile inatoka mkononi. Baba mdogo aliapa hakuligusa njia nzima.

Kasha bado tunalo. Rangi zimefifia, malapa yameanza kubomoka, na kila mwaka nabadilisha pini moja mbili zilizoingia kutu. Kila nikifika kwa yule wa katikati namwita mke wangu aje aone. Anakuja, anainama juu ya kioo, anamtazama kwa makini kama vile ni mara ya kwanza.

"Hata mimi nashangaa," anasema. "Mlimpeleka hivyohivyo."